Mnaelimisha Kuhusu VVU? Tuanze na Midomo Yenu

Leo nawajibu vijana wa kijiji kimoja mkoani Njombe walioanzisha kikundi cha kuelimisha watu kuhusu VVU. Wanalalamika: "Dada, wazee wanasema tunafundisha uhuni, na wenzetu wanatucheka."

Kwanza hongereni. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 uliukuta mkoa wenu ukiongoza nchini: asilimia 12.7 ya watu wa miaka 15 na kuendelea wanaishi na VVU, wakati kwa taifa zima ni 4.4. Kazi ipo.

Wazee wasiwanyime usingizi. Kabla ya mkutano wa kwanza, pigeni hodi kwa mwenyekiti wa kijiji, kisha kwa mganga mfawidhi wa zahanati. Mhudumu wa afya akikaa nanyi meza ya mbele, hayo ya uhuni yatapungua.

Kinachonitia wasiwasi mimi ni midomo yenu. Kijijini kila mtu anajua nani kapanda bodaboda siku ya kliniki. Wapo wanaopita kituo cha jirani wakaenda kuchukulia dawa mbali, nauli juu, ili tu wasionwe. Siku mmoja wenu akitoboa siri ya mtu kwenye kilabu cha ulanzi, kikundi kimekufa, hata kama mmeshonesha fulana. Tena kutangaza majibu ya mtu ni kosa kisheria. Asiye na kifua mpeni kazi ya kupanga viti.

Na kama mmebandika picha za mafuvu ukutani, zitoeni. Mtu akishatishwa, hapimi. Waambieni hivi: anayemeza ARV kila siku, kipimo kikaonyesha virusi havionekani kwenye damu, hamwambukizi mwenzi wake kwa ngono. Hilo lirudieni mpaka wawachoke. Mjamzito mwenye VVU akitumia dawa vizuri anaweza kupata mtoto asiye na virusi. Aliyebakwa, au aliyepasukiwa na kondomu, awahi kituoni mapema, isipite saa 72, apewe dawa za kinga za siku 28. Na wale wa "mama akijua je?" waelezeni kwamba tangu sheria ilipobadilishwa 2019, kijana wa miaka 15 anapima bila ruhusa ya mzazi.

Wekeni boksi la maswali, hata la sabuni lililotobolewa juu. Mtakuta vikaratasi vilivyokunjwa mara nne, mwandiko umepindwa makusudi: "Nikinywa ulanzi, ARV nimeze?" Msilolijua msilitunge. Lipelekeni zahanati, mrudi na jibu mkutano unaofuata, na mrudi nalo kweli.

Wanaowacheka waacheni, baadhi yao ndio wenye vile vikaratasi.

Ila nanyi wanakikundi, mmeshapima? Nendeni wiki hii, kabla hamjasimama mbele ya watu. Hilo mtaulizwa.