Kabla Hujakodi Ukumbi, Tafuta Habari za Wenzako

Kama uliingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya themanini, sasa hivi wewe ni mstaafu au uko mlangoni. Wenzako pia. Na kila mkikutana msibani mnaambiana maneno yale yale: "Jamani, tusikutane kwenye misiba tu." Kisha kila mtu anapanda gari lake, basi. Safari hii shika kalamu wewe. Kazi si ngumu, ila wengi huianzia mwisho: ukumbi, sare, MC. Wewe anza na watu.

Kwanza amueni nani ni wa darasa lenu. Hesabu kwa mwaka wa kuingia, si wa kuhitimu. Kuna waliorudia mwaka na waliobadili kozi. Kuna waliokuwa katikati ya masomo chuo kilipofungwa Mei 1990, wakarudi mwaka uliofuata. Na wale wa Kilimo waliingia wakiwa wanafunzi wa Dar es Salaam waliopo Morogoro, halafu 1984 Sokoine ikawa chuo kinachojitegemea, wakahitimia huko huko. Madaktari wa Muhimbili nao walikuwa wenzetu, kitivo kimojawapo tu. Ukihesabu kwa joho la mahafali, hawa wote unawaacha nje.

Tafuta daftari. Ndiyo, daftari la karatasi, hata kama baadaye mjukuu atakuwekea kwenye kompyuta. Kila mtu mpe mstari wake: jina la chuoni, jina la sasa, kozi, hall aliyolala, simu, na nani anamfahamu kwa karibu. Safu hiyo ya mwisho ndiyo itakayokuokoa. Mtu asipopokea simu, unampigia rafiki yake.

Usitegemee kumbukumbu peke yake. Vitabu vya mahafali vina majina yote kozi kwa kozi, kwa hiyo omba kuviona chuoni. Ila usiombe namba za simu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawabana watu wa chuo, na hata bila sheria si ustaarabu. Andika barua fupi ya mwaliko, uombe ofisi inayoshughulikia wahitimu iwafikishie wenzako.

Dada zetu wengi walibadili majina walipoolewa, na wengine wakayarudia ya kwao. Hapo waulize wanawake wenyewe. Wao ndio wanaojua nani yuko wapi, na nani hapendi kuitwa jina la ndoa.

Wapo pia waliotoka nje. Hali ilipobana miaka ile, walimu na wataalamu wengi walikwenda kufundisha Botswana, Lesotho na Swaziland, na baadhi hawakurudi. Hao mara nyingi wana hamu kuliko sisi tuliobaki. Watafute mapema, maana tiketi ya ndege haikatwi wiki mbili kabla.

Ukishapata namba, usikimbilie kuwatupa wote kwenye kundi la WhatsApp. Mpigie mtu simu kwanza. Zungumza naye dakika kumi. Muulize anaishi wapi, anafanya nini siku hizi, afya ikoje. Halafu muulize swali ambalo watu wengi husahau: kuna jambo ambalo hungependa wengine walijue? Mmoja ana saratani na hajawaambia hata wadogo zake. Mwingine ndoa imevunjika. Mwingine alisimamishwa kazi kabla ya kustaafu. Habari ni yake. Wewe ni mtunza daftari tu.

Habari za vifo zinahitaji mkono wa pole zaidi. Usiandike "tanzia" kwa sababu umesikia. Umri huu majina yanafanana na uvumi unakimbia, na si jambo dogo mtu kusoma kifo chake akiwa anakunywa chai Moshi. Subiri mpaka mke, mume, mtoto au ndugu wa karibu athibitishe. Andika mwaka aliofariki na alipozikwa. Orodha ya waliotangulia isomwe siku ya mkutano, polepole, jina moja moja, bila hotuba juu yake. Na wajane na wagane waalike. Wengi wao mliwafahamu tangu wakiwa wachumba, wanakuja Jumapili na kusubiri nje ya hall.

Sasa pesa. Hapa ndipo madarasa mengi huvunjikia.

Usichanganye mfuko wa rambirambi na mfuko wa mkutano. Makundi mengi ya waliosoma pamoja yamegeuka kuwa makundi ya misiba: leo mchango, kesho mchango, na anayeishi kwa pensheni anaishia kujitoa kimyakimya. Weka namba mbili tofauti, waweka hazina wawili tofauti. Rambirambi iwe kiasi kidogo kinachojulikana, sawa kwa kila msiba. Wa waziri mstaafu na wa mwalimu wa Namtumbo.

Mchango wa mkutano upange kwa yule mwenye kidogo. Ukisema laki tatu kwa kila mmoja, utapata watu wale wale wenye magari makubwa, na mtaketi mkiangaliana. Weka kiwango ambacho mtu wa pensheni ndogo anakimudu kwa miezi mitatu minne, kisha waambie wenye uwezo waongeze faraghani. Majina ya waliolipa yasibandikwe kwenye kundi kila jioni. Najua wapo wanaoamini aibu inahimiza. Inahimiza watu kuzima simu.

Mweka hazina awe mtu mkimya, si lazima awe mhasibu. Pesa ipokelewe kwenye akaunti yenye majina ya wawili, si kwenye simu binafsi ya mwenyekiti. Kamati iwe ya watu watano. Ikifika kumi na tano, mtakula bajeti kwenye vikao.

Tarehe: chagua kati ya Juni na Agosti. Masika yameisha, joto la Dar limepungua, na kuanzia Julai wanafunzi wengi huwa wako likizo. Tazama kalenda ya sikukuu kabla ya kutangaza. Na itangaze angalau miezi minane kabla. Mtu wa umri wetu ana kliniki, ana mahindi shambani, ana mjukuu anayemlea.

Iwe mchana. Sisemi kwa utani. Sherehe ya saa mbili usiku tuliimudu tulipokuwa na miaka ishirini na mitatu. Sasa wengi hawapendi kuendesha usiku, taa za magari zinawaumiza macho. Anzeni saa nne asubuhi, mmalize saa kumi, na anayetaka kuendelea na wenzake ajue mwenyewe.

Mahali pazuri ni Mlimani penyewe. Ombeni kibali mapema kwa maandishi. Nkrumah Hall, ile iliyokuwa nyuma ya noti ya shilingi 500, inatosha kwa picha ya pamoja hata msipoikodi. Kodini basi dogo liwazungushe. Ule mlima tuliokuwa tukiupanda na vitabu mkononi haujapungua, magoti ndiyo yamepungua. Wapitisheni kwenye maktaba mpya iliyofunguliwa 2018, wapitisheni pale Mlimani City ambapo zamani palikuwa pori la chuo, waacheni wabishane wenyewe njia ya zamani ilipita wapi. Ubishi huo una raha kuliko burudani yoyote ya kukodi.

Kama wengi wako Dodoma na mikoa ya kati, fikirieni Morogoro. Tangu 2024 treni ya SGR inatoka Dar hadi Dodoma ikipita hapo, na mtu anaweza kuja asubuhi akarudi jioni bila kulala nje. Wa Kilimo watawashukuru.

Chakula kiwe mezani saa saba kamili. Anayetumia dawa za sukari hangoji mgeni rasmi amalize. Tena, mgeni rasmi wa nini? Pika ugali, wali kidogo, samaki wa kuchoma, mboga za majani nyingi, chumvi ya kiasi. Maji yawe karibu. Ukumbi uwe wa chini, choo kisiwe cha kupanda ngazi. Muziki uwe wa zamani na wa taratibu, maana masikio nayo yamestaafu.

Meza kuu isiwepo. Darasani kwenu kuna majaji, mabalozi na waheshimiwa, na kuna aliyerudi kijijini kulima kahawa. Kila mmoja avae kadi shingoni yenye herufi kubwa: jina la chuoni, la sasa, na hall. Vyeo viachwe getini.

Utani uwepo, ila si wote. Mambo ya Mzee Punch, yale maandishi ya ukutani, msiyafufue kwa vicheko. Kuna dada zetu waliumizwa sana na yale, na baadhi hawajakanyaga chuoni tangu wakati huo. Mwambie MC kabla, kwa maneno ya wazi. Bora zaidi, MC awe mmoja wenu.

Omba kila mtu alete picha moja ya zamani. Picha zilikuwa adimu wakati ule, filamu yenyewe ilikuwa shida kuipata, kwa hiyo hata picha ya kitambulisho ni mali. Mweke kijana mmoja mlangoni azipige nakala kwa simu na kumrudishia mwenyewe hapo hapo.

Waliolala kitandani wapigieni simu ya video saa nne na nusu, watu wakiwa bado wachangamfu. Msingoje jioni.

Ndani ya wiki moja toa hesabu: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Kisha kabidhi daftari kwa mtu mwingine. Awe mdogo kidogo kwa umri, na awe mtu anayepokea simu.