FIGO KWA NDUGU: AOMBWE NANI, NA AOMBWE VIPI?

Somo: Waraka wa Paulo kwa Filemoni, mstari wa 8 hadi wa 14

Ndugu wasomaji, kabla hamjaendelea fungueni Biblia msome mistari hiyo. Paulo alikuwa na uwezo wa kumwamuru Filemoni, wala hakuutumia. Alimwomba, akamwachia nafasi. Mtaona punde kwa nini tumechagua Waraka huu mfupi kwa jambo la hospitali.

Figo za mtu zikishindwa kabisa kazi yake, njia zilizopo ni mbili. Ya kwanza ni kusafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara 3 kwa juma, na kila mara kama saa 4. Ya pili ni kupandikizwa figo ya mtu mwingine. Zamani wagonjwa wetu walipelekwa India. Mnamo Novemba 2017 upandikizaji ulianza Muhimbili, na mwaka 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma nayo ikaanza. Kwa hiyo siku hizi swali gumu limehamia nyumbani, mbele ya mashangazi na wajomba: nani atatoa?

Miaka michache iliyopita tuliitwa kwenye kikao cha ukoo mmoja, kwa kuwa mgonjwa alikuwa mwanafunzi wetu chuoni. Kikao kilifunguliwa kwa sala. Kikaishia kwa kumnyoshea kidole binti wa mwisho, ati kwa sababu hajaolewa wala hana watoto. Na sisi tulisema neno. Tulisema, "Mwanetu, huyu ni kaka yako." Binti aliinamisha kichwa, watu wakapiga vigelegele. Lile neno letu halikuwa ombi. Lilikuwa amri iliyovaa kanzu ya ombi.

Hospitalini daktari alizungumza naye peke yake, kama ipasavyo, naye akasema kweli: anaogopa, na hataki. Nyumbani ukoo uliambiwa tu kwamba hakufaa, basi. Yeye mwenyewe alitusimulia baadaye, na kwa idhini yake twaandika. Aliyetoa figo mwishowe ni dada mkubwa, ambaye hakuna aliyemwuliza kwa sababu yeye na mgonjwa walikuwa wakigombania shamba la baba yao. Alikwenda mwenyewe kupimwa. Wote wawili wazima leo. Shamba wangali wakiligombania.

Sasa tuseme mambo ambayo kikao kile hakikuyajua. Mtoaji huwa mtu mzima, mwenye afya. Mwenye kisukari kwa kawaida hukataliwa, na shinikizo la damu nalo huwazuia wengi. Damu yapasa ipatane: mwenye kundi O aweza kumpa yeyote, lakini yeye apokea kwa O tu; mwenye AB apokea kwa wote. Ile alama ya kujumlisha au kutoa iliyoandikwa kwenye kadi haina kazi hapa. Kisha hupimwa vinasaba. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi 1 katika 4 ya kulingana kabisa na nduguye, na mzazi hulingana na mwanawe nusu. Hata hivyo kulingana nusu hakumzuii mtu kutoa. Katika nchi nyingi mke humpa mumewe ingawa hawana damu moja.

Je, mtoaji atadhurika? Upandikizaji wa kwanza uliofaulu ulifanyika Boston, Marekani, tarehe 23 Desemba 1954, Ronald Herrick alipompa figo pacha wake Richard. Richard aliishi miaka 8 zaidi. Ronald, mtoaji, aliishi hadi 2010. Figo inayobaki huongezeka ukubwa ikabeba sehemu kubwa ya kazi ya mwenziwe. Nguvu za kiume hazikai kwenye figo, kwa hiyo wanaume waache hofu hiyo. Wanawake huzaa baada ya kutoa, ila hushauriwa wangoje kama mwaka mmoja, na uwezekano wa kupanda shinikizo la damu wakati wa mimba huongezeka kidogo. Upasuaji wenyewe una hatari, wala tusiifiche: hesabu za Marekani zilizotolewa 2010 zilionyesha vifo kama 3 katika watoaji 10,000.

Basi aombwe vipi? Kwa maoni yetu, asiombwe mtu mmoja mbele ya wengi. Mgonjwa, au mtu anayemsemea, awape habari ndugu wote: ugonjwa gani, kundi gani la damu, aende nani akaulize. Kisha aondoke. Anayetaka atakwenda kwa siri yake, na aweza kughairi hata asubuhi ya upasuaji bila kuulizwa sababu. Msimsahau aliyenuniwa. Na fedha isitajwe kama bei, maana kuuza kiungo kumekatazwa. Lakini nauli na chakula cha mtoaji si bei.

Hapa ndipo mtaa wetu una kazi. Mtoaji hapaswi kuinua vitu vizito kwa majuma kama 6. Nani atamlimia? Nani atamchotea maji? Mgonjwa naye atameza dawa kila siku muda wote figo hiyo ikifanya kazi, ili mwili usiikatae, na dawa zina gharama. Tumezoea kuchanga kwa ajili ya mazishi. Daftari la michango la mtaa lingeweza kuwa na ukurasa wa watu hawa wawili.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

1. Filemoni angekataa, Paulo angemwonaje? Na ninyi mngemwonaje binti yule kama angekataa kikaoni?

2. Someni 2 Samweli 23:13–17. Daudi alikataa kunywa maji yaliyoletwa na watu waliohatarisha maisha yao. Je, mgonjwa naye ana haki ya kukataa figo ya mwanawe, hata mwana akiitoa kwa hiari?