Maumivu ya Nyonga na Makalio kwa Wacheza Mazoezi ya Viungo

Wadogo zangu mnaoanza mazoezi ya viungo, nanyi wanafunzi wa zamani mnaowafundisha watoto wenu, naomba mnisikilize kidogo.

Nyumbani kwetu ni karibu na Petite Barrière, hapa Gisenyi. Tangu utoto nimewaona akina mama wakivuka mpaka kwenda Goma na mizigo kichwani. Mchukuzi mwenye akili hutua mzigo kabla shingo haijamshinda. Mimi sikufanya hivyo. Nilipokuwa na miaka 16 nililazimisha kupiga msamba siku tatu mfululizo, ingawa kalio la kulia lilikuwa likiniuma. Niliona haya kumwambia mwalimu. Siku ya maonyesho wenzangu waliruka. Mimi nilikaa kwenye benchi, tena nilikalia upande mmoja tu.

Maumivu haya hutoka wapi? Msuli mkubwa kuliko yote mwilini ni ule wa makalio. Ndio unaotusukuma juu tunaporuka, na kutuzuia tusianguke tunapotua. Chini yake imo misuli midogo inayogeuza paja, na karibu nayo hupita neva nene iteremkayo mguuni. Misuli ikichoka, huuma. Neva ikibanwa, ganzi au mchomo hushuka mguuni.

Basi tufanyeje? Uchovu wa kawaida huzidi siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua wenyewe. Siku hizo tembea polepole, wala usipige msamba. Msuli ukiwa umekaza tu, kitambaa cha maji ya moto kiasi, kwa dakika 15, huulegeza.

Maumivu yakipungua, fanya haya mawili. Kwanza, lala chali, kunja magoti, nyayo zikanyage chini. Inua makalio, hesabu mpaka 5, shusha. Rudia mara 10. Pili, ukiwa chali vilevile, weka kifundo cha mguu mmoja juu ya goti la pili, kisha vuta paja la chini kuelekea kifuani kwa sekunde 30. Usikie msuli ukivutika, usisikie uchungu. Badili mguu. Wengi wetu hujinyoosha sana na kusahau kuitia misuli nguvu. Yote mawili yahitajika.

Kabla ya mchezo, upashe mwili joto kwa dakika 10. Ardhi yetu ina mawe ya volkeno, kwa hiyo tulieni penye majani au mkeka mnene, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo.

Sasa jambo kubwa kuliko yote. Mwili wa kijana bado unakua, na mahali misuli ya nyuma ya paja inaposhika mfupa wa kukalia hapajakomaa. Ukivuta kwa nguvu, kipande cha mfupa chaweza kung'oka. Ukisikia mlio wa ghafla na uchungu mkali, ukichechemea, ukipata ganzi, ukiumwa usiku au ukiwa na homa, acha mazoezi mara moja, mwambie mwalimu, uende kwa daktari. Hapo usinyooshe wala usikande.

Kusema "naumia" si woga. Mimi nilinyamaza kwa ajili ya onyesho moja, nikakosa onyesho lile lile. Ninyi tueni mzigo mapema, mpate kuubeba tena kesho.