Dondoo muhimu: Paka mwenye mba

Usimpake paka dawa ya kupe ya ng'ombe, hata tone. Kwenye nyumba zenye ng'ombe wa maziwa, chupa ya dawa ya kuogeshea haikai mbali. Amitrazi na saipamethrini ni sumu kwa paka. Mwili wake hushindwa kuzivunja vizuri, naye hujilamba kutwa, kwa hiyo atazimeza. Ukimwona anatetemeka au anatokwa na mate, mkimbize kwa daktari wa mifugo.

Mba wenyewe uchunguze kwanza. Msimamishe juu ya kitambaa cheusi, mchane kinyume cha manyoya. Chembe nyeupe zikitembea, hao ni utitiri, na huwawasha hata watu wa nyumbani. Vumbi jeusi likigeuka jekundu kwenye pamba yenye maji, hicho ni kinyesi cha viroboto. Mabaka ya duara yasiyo na manyoya huenda yakawa choa, na watoto huambukizwa upesi. Yote matatu yanahitaji dawa ya paka kutoka kwa daktari.

Paka mnene au mzee hafiki kujilamba kiunoni, ndiyo maana mba humjaa hapo. Mchane kila siku kwa brashi laini.

Chakula nacho huathiri ngozi: ugali na maziwa havimtoshi, kwani paka ni mla nyama. Mchemshie omena bila chumvi wala kitunguu, na maji safi yasikosekane. Usimwogeshe kwa sabuni ya kufulia; humkausha ngozi zaidi. Joto la moto nalo hukausha ngozi, kwa hiyo wakati wa baridi msogeze kidogo kutoka mekoni.