Kidonge Kinapotoa Ushahidi Majini

Ukiteremka asubuhi kutoka Kamembe, hapa Rusizi nchini Rwanda, hadi ufukweni mwa Ziwa Kivu, unaweza kumkuta mama akiosha sambaza kwenye maji yaleyale wanayokunywa ng'ombe, na hatua chache juu yake mfereji unashuka kutoka mitaani. Maji hayo yakipimwa na kukutwa na vijidudu vya kinyesi, lawama huanza: ni ng'ombe, ni mbuzi, ni majirani wa ng'ambo ya Bukavu. Kipimo cha kawaida hakimalizi ubishi huo, kwa sababu bakteria wa E. koli huishi tumboni mwa mtu na mwa mnyama pia.

Kidonge husaidia kuumaliza. Mgonjwa wa kifafa akimeza karbamazepini, sehemu ya dawa hutoka na mkojo na kinyesi chake. Ng'ombe wetu hawapewi dawa hiyo, basi ikionekana majini imetoka kwa watu. Tena ni sugu. Hata mitambo ya kusafisha maji taka huondoa kidogo tu. Parasetamoli huvunjika upesi, hivyo ikikutwa kwa wingi, maji taka ni mabichi na yanaingia karibu. Karbamazepini ikiwa peke yake, uchafu huenda umetoka mbali au ulisafishwa nusunusu.

Kwingineko kafeini hutumika sana kama kielelezo. Hapa Rusizi nashauri tuwe waangalifu nayo. Milima yetu ni ya kahawa na chai, na kahawa huoshwa karibu na maji. Maganda yake yana kafeini, kwa hiyo wakati wa mavuno kijito kinaweza kuwa nayo bila choo chochote kuvuja. Antibiotiki nazo zina utata, kwani mifugo hutibiwa kwa baadhi yake.

Jambo hili limeshafanyiwa kazi karibu nasi. Watafiti wa Kenya na Ubelgiji walipima maji ya Nairobi na Kisumu, wakachapisha matokeo mwaka 2016: mabaki ya dawa yalikuwa mitoni, na dawa za kupunguza makali ya VVU zilionekana hadi kwenye maji ya chini ya ardhi. Mwaka 2022 ukachapishwa utafiti wa mito 258 katika nchi 104, na karbamazepini ilikuwa miongoni mwa dawa zilizoonekana mara nyingi zaidi.

Kazi hii ni ya maabara, haifanyiki nyumbani. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kikiyeyuka katika lita milioni 2.5, bwawa zima la Olimpiki, hubaki nanogramu 200 tu kwa lita, na mashine nzuri bado huiona. Kwa sababu hiyo sampuli huharibika kirahisi. Anayechota asiwe ametoka kushika vidonge, kahawa wala dawa ya kuchua. Avae glavu, atumie chupa safi ya kioo cheusi, aisuuze kwa maji yaleyale kabla ya kuijaza, aiweke kwenye barafu na kuifikisha maabara haraka. Achote juu na chini ya mahali panaposhukiwa, kiangazi na masika. Chupa moja ya siku moja haitoshi kumtia mtu hatiani. Kamati ya maji ikiwa na shaka, ipeleke ombi kwa viongozi wa sekta, WASAC (shirika la maji) na REMA (mamlaka ya mazingira), ikiambatanisha ramani ya vyoo na mifereji.

Nawaomba pia wenye nyumba: dawa iliyopitwa na muda isitupwe chooni. Kopo moja la vidonge shimoni linaweza kutoa ushahidi wa uongo. Uliza duka la dawa au kituo cha afya kama wanaipokea.

Na majibu yakichelewa, chemsha maji ya kunywa. Kuchemsha hakuondoi mabaki ya dawa, lakini huua vijidudu vya kipindupindu na kuhara, na hivyo ndivyo vinavyoua watoto.