Nihesabu sekunde au niwatazame watumiaji?

*Ninasanifu skrini ya kuingizia oda za wateja. Mwenzangu anapiga hesabu ya sekunde za kila kitendo. Mimi nataka kuwatazama watu wakiitumia. Nani yuko sahihi?*
*Msanifu, Dar es Salaam*

Unahofia kwamba hesabu haimjui mtu. Ni kweli, ila usiidharau. Njia ya mwenzako, waliyoichapisha watafiti Card, Moran na Newell mwaka 1980, hukadiria sekunde 1.1 za kuelekeza kipanya na 1.35 za kufikiri kabla ya kitendo. Huko Marekani, kampuni ya simu ya NYNEX ilipotaka kuwapa waunganishaji simu mitambo mipya, hesabu ya ukoo huohuo ilitabiri kwamba ingewachelewesha. Majaribio ya kazini yakathibitisha. Utasema hao walikuwa wazoefu. Hapo ndipo penyewe: hesabu hizi humchukulia mtumiaji kuwa anaijua kazi na hakosei, kwa hiyo mgeni anayehangaika kutafuta kitufe cha "Hifadhi" hazimwoni kabisa. Anza na hesabu, uchuje michoro mibovu kwa gharama ndogo, kisha waketishe wageni wachache mbele ya skrini nawe unyamaze. Kama kosa laweza kumdhuru mtu, tuseme oda za dawa, mwite mtaalamu wa utumiaji kabla ya kuizindua.