Kufundisha Kazi za Benki Kuu kwa Njia ya Soko la Darasani

Mwalimu afundishaye habari za Benki Kuu katika madarasa ya juu ya shule ya msingi hana budi kujiandaa kwa swali moja: "Ikiwa noti ni karatasi, kwa nini zisichapishwe za kututosha sote?" Swali hili lisipuuzwe, wala lisijibiwe kwa kukaririsha orodha ya kazi za benki. Hilo ndilo mlango wa somo.

Zana: Maembe 10, au michoro yake, na vipande 76 vya karatasi ya manila vitakavyokuwa shilingi.

Hatua ya kwanza: Wape wanafunzi 10 vipande vinne kila mmoja, kisha nadi maembe matano, moja moja. Bei haitazidi vipande vinne. Iandike ubaoni.

Hatua ya pili: Rudisha maembe na vipande. Wape wanafunzi tisa vipande vinane kila mmoja. Wa kumi apewe vinne tu, mfano wa bibi aliyejiwekea akiba. Nadi maembe yale yale matano. Bei itapanda, na yamkini "bibi" atakosa. Uliza: Fedha zimeongezeka, je, maembe yameongezeka? Nani ameumia?

Hatua ya tatu: Rudisha tena na ugawe kama katika hatua ya pili, lakini sasa nadi maembe 10. Bei itapungua. Wanafunzi watagundua wenyewe kwamba utajiri hutoka shambani na kiwandani; shilingi ni kipimo chake, mfano wa pishi sokoni.

Maelezo ya mwalimu: Mlinzi wa pishi hilo ni Benki Kuu. Kabla ya uhuru, fedha zetu zilitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1919. Benki Kuu ya Tanzania iliundwa kwa sheria ya mwaka 1965, ikafunguliwa tarehe 14 Juni, 1966. Hutoa noti na sarafu, husimamia mabenki, hutunza akiba ya fedha za kigeni, na ni benki ya Serikali. Sheria ya mwaka 2006 imeifanya uthabiti wa bei kuwa lengo lake kuu, na imewekea kikomo mikopo ambayo Serikali yaweza kuichukua kwake. Umuhimu wa kikomo hicho ulidhihirika katikati ya miaka ya 1980, bidhaa zilipoadimika huku Serikali ikikopa benki, na bei zikapanda kwa zaidi ya asilimia 25 kwa mwaka.

Tahadhari: Wanafunzi wasidhani kwamba kila bei ipandayo imesababishwa na wingi wa noti. Ukame hupandisha bei ya mahindi, na mafuta yakipanda bei, nauli nayo hupanda. Benki Kuu haileti mvua.

Tathmini: Mwanafunzi akiweza kumweleza mzazi wake kwa nini bei zipandapo akiba ya mwaka jana hununua vitu vichache zaidi, somo limefaulu.